Kiboko Asiyekataa Karibu

Paukwa!
Pakawa!
Mbona mnaitika kama mlionyimwa chai? Paukwa!
Pakawa!
Mji ulikuwako?
Ulikuwako!
Na mwenye tumbo?
Alikuwako!
Na mama mwenye mtoto mdogo?
Masikini, alikuwako!

Alikuwako, basi, Bi Mwanamvua Pimbi, mkaazi wa majabalini, mfupi wa kimo lakini akili anayo. Alikuwa na mtoto mmoja, Faki, wa miaka miwili, umri ule wa kwenda mbio bila kujua uendako. Na siku hizo wanyama walikuwa wameingiwa na homa ya kutembelea Magofuni, mji wa mawe ambao binadamu waliujenga, wakauchoka, wakawaachia popo. Kila aliyerudi Magofuni alirudi anaringa. Atakuuliza, "Wewe bado hujaiona milango ya Magofuni?" kwa sauti ya mtu anayekupa pole ya msiba.

Bi Mwanamvua akasema naye atakwenda. Jirani yake, Bi Digidigi, akashika kiuno.

"Na mtoto, shoga? Mtoto ataona nini huko? Hata hatakumbuka."

"Asikumbuke yeye, nitakumbuka mimi," akajibu, na akaanza kufunga kapu.

Sasa sikilizeni habari ya kapu, maana kisa chote ni hilo kapu. Faki alikuwa hali kitu ila viazi vitamu vya kuponda, kwenye kifuu chake, kwa mkono wa mama yake. Ukimpa ndizi, anatema. Ukimpa muhogo, anatema na anakutazama vibaya. Na Magofuni ni mawe matupu, hakuoti hata mchicha. Kwa hiyo mama mtu akahesabu viazi vya siku tatu, akavipanga. Vikiisha, mtoto atashinda na njaa, na nyumbani ni mwendo wa kutwa nzima. Hilo tu ndilo lililokuwa likimtia hofu.

Wakafika. Wenyeji wa Magofuni, Mzee Kobe, kina Bi Kanga na wengineo, wana desturi yao: chakula huliwa barazani, mbele ya mlango. Anayekula akiona mtu anapita, humwambia, "Karibu." Na mpita njia hujibu, "Starehe," akaenda zake. Mmoja amekaribisha, mwingine amekataa kwa adabu, na chakula kimebaki palepale. Kila mtu ameridhika.

Kila mtu isipokuwa Bwana Makame Kiboko.

Mchana wa siku ya kwanza Bi Mwanamvua akaketi barazani, akaponda kiazi, akakitia kifuuni. Hajampa mtoto hata tonge moja, akasikia kishindo uchochoroni. Ndi! Ndi! Ndi! Bwana Makame huyo, ameujaza uchochoro ukuta kwa ukuta.

"Karibu, kaka," ulimi wa Bi Mwanamvua ukasema wenyewe, ndivyo alivyolelewa.

"Nimekaribia, dada," akasema Kiboko. Akaketi. Mwafu! Kifuu cheupe. "Na mle kapuni mna nini?" Mwafu! Mwafu! Viazi vya siku nzima vikaenda. Akajifuta midomo, akashukuru vizuri sana, akaondoka.

Faki akakitazama kifuu. Akamtazama mama yake. Kisha akalia kilio kilichowafanya popo wote watoke magofuni na kurudi.

Jioni Bi Mwanamvua akahamia baraza ya mtaa wa pili. Ndi! Ndi! Ndi! Safari hii akauma meno asiseme kitu. Lakini kula kimya mbele ya mpita njia, jamani, ni kumtukanisha mama aliyekuzaa. Ulimi ukamshinda. "Karibu, kaka." "Nimekaribia, dada." Mwafu!

Asubuhi ya siku ya pili, Faki alipokwisha kula kimoja kabla Kiboko hajaamka, kapuni mlibaki viazi vinne. Mama mtu hajaona hata mlango mmoja. Ameona mgongo wa Kiboko tu ukienda na chakula chake. Akaenda kwa Mzee Kobe, roho inamwuma.

"Mzee wangu, hamumkatazi?"

"Tumkataze vipi, mwanangu? Unamkaribisha, anakubali. Kosa lake liko wapi? Sisi wenyewe tangu alipohamia hapa tunakula mara moja kwa siku, tena kwa kujificha."

Kiboko mwenyewe akawa anapita, akasikia anatajwa. Akasimama katikati ya mtaa, akatuna. "Waelezeni wageni," akasema kwa sauti kubwa. "Mimi Makame sijakataa karibu ya mtu tangu nizaliwe. Anayekataa karibu hana adabu. Nikikataa karibu hata moja, msinipe tena nyingine."

"Sote tumesikia," akasema Bi Mwanamvua, taratibu.

Mchana ulipofika hakutoa kiazi hata kimoja. Kapu akalificha nyuma ya mlango. Akaketi barazani, Faki mapajani. Ndi! Ndi! Ndi!

"Karibu, kaka."

"Nimekaribia, dada." Akaketi, akanawa, akatazama huku na huku. "Chakula kiko wapi?"

"Sili, kaka. Napakata mtoto. Karibu umpakate."

Mzee Kobe akakohoa. Kina Bi Kanga wakasogea kutazama. Kiboko akampakata mtoto.

"Hiki nini?" akauliza Faki, akivuta sikio.

"Sikio."

"Na hiki nini?"

"Sikio."

"Kwa nini?"

Bi Mwanamvua akadakia, "Anapenda kutembea huyo. Karibu umtembeze, kaka."

Watu wanatazama. Kiboko akainuka.

Haya, wale mliowahi kumtembeza mtoto wa miaka miwili kwenye mji wa historia, nifundisheni, kwani historia yenyewe ni ipi? Faki hakuutazama mnara. Hakuitazama milango. Alilitazama tundu la mtaro wa maji machafu. Akachuchumaa, akaokota kijiwe, akakitumbukiza. Pwi. "Tena." Pwi. "Tena." Kiboko akaokota vijiwe mpaka mgongo ukamuuma. Kisha wakafika kwenye ngazi za msikiti wa kale. Wakapanda. Wakashuka. "Tena." Wakapanda. Wakashuka. "Tena." Kisha Faki akamwona mjusi, akamfuata kwenye kichochoro chembamba, na Kiboko akamfuata Faki, akakwama tumbo, akakaa pale mpaka mtoto alipochoka kumwuliza kwa nini amekwama.

Jua lilipokolea, Faki akasinzia mgongoni mwake. Kiboko akashusha pumzi, akaketi polepole. Faki akafumbua macho. Kiboko akasimama, akatembea. Faki akafumba. Kiboko akaketi. Faki akafumbua, akalia. Basi akazunguka Magofuni yote na jua lile, ndi, ndi, ndi, kwa ncha za vidole, na kila alipopita barazani walimkaribisha kwa heshima, "Karibu, Bwana Makame," na yeye akaitika kwa kunong'ona, "Nimekaribia," asiweze kuketi.

Na Bi Mwanamvua? Bi Mwanamvua alikuwa anatazama milango. Alitazama wa kwanza, akatazama wa pili, akagusa kila ua lililochongwa, bila mtu kumvuta nguo. Alipofika mlango wa saba machozi yalimtoka, kwa uzuri wa mlango na kwa kule kusimama peke yake.

Alasiri akarudi, akampokea mtoto. Akatoa viazi viwili, akaponda, akajaza kifuu mpaka juu, akaketi pale pale barazani, mahali pa wazi. Kiboko alikuwa anajikokota kwenda zake. Wenyeji wote wakamwona Bi Mwanamvua anainua shingo.

"Kaka Makame, karibu."

Kiboko akasimama. Akakitazama kifuu, mate yakamtoka. Akamtazama Faki. Faki akachangamka, akanyoosha mikono miwili.

"Tena," akasema Faki.

"Starehe, dada," akasema Kiboko. "Starehe, starehe, nimeshiba."

Akaenda zake, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyesikia kishindo. Mtaa mzima umesikia amekataa, na maneno yake mwenyewe yamemfunga. Tangu siku ile hakukaribishwa tena, na wenyeji wakarudi kula mara tatu. Faki alikula mpaka kifuu kikang'aa. Vile viwili vilivyobaki, pamoja na ndizi alizoletewa mama yake na kina Bi Kanga, viliwafikisha hadi siku ya tatu.

Walipofika nyumbani, Bi Digidigi akamwinamia mtoto. "Haya Faki, umeona nini Magofuni?"

"Tundu," akasema Faki.

"Si nilikwambia, shoga," akasema Bi Digidigi.

Mimi nimefika hapa, hadithi imefika hapa, mwenye kutaka kuendelea aende kwa miguu yake. Funzo lake? Funzo ni kwamba ukitembelea mji wa kale, mtoto mwache nyumbani. Mtoto ni mzigo, hana msaada wowote safarini. Na wewe unayenyoosha kidole pale nyuma, kishushe, hujaulizwa kitu.