Thuwaiba wa Nyumba ya Halua na Jini Aliyengoja Amri

Mwenye kusikia na asikie, na mwenye kusinzia asinzie kwa adabu, asikorome: katika mji wa Marjani, mji wa kuta nyeupe na milango ya msaji, alitawala Sultani Mundhiri bin Ghanimu, mfalme mwenye huruma nyingi na videvu viwili, kwa kuwa alipenda mno halua, nami simcheki, maana nimepita bandari nyingi katika umri wangu na hakuna hata moja niliyotoka nikiwa mwembamba kuliko nilivyoingia.

Na ada ya mji ule ilikuwa kwamba ndoa haikamiliki mpaka bwana na bibi arusi wale pamoja halua ya Nyumba ya Khelefu, nyumba iliyokuwa nyuma ya kasri, mali ya dola, wakipewa kukaa humo wapishi kizazi baada ya kizazi. Na halua, kwa asiyejua, haitaki mwiko usimame hata kwa kitambo cha kupiga chafya. Ukisimama, hushika chini na kuungua. Kwa hiyo katika nyumba ile mkorogaji aliyechoka hauachi mwiko mpaka mwenzake ameushika, na kwa kitambo mikono minne hukoroga pamoja, kisha mmoja hujitoa taratibu, kama mama anavyojitoa kitandani mtoto akishalala.

Alipofariki Maalim Khelefu, nyumba ilimwangukia binti yake, Thuwaiba, naye alikuwa mwanamke mwenye akili na bidii na moyo mwema, ila alikuwa na ila moja: kuupokea mwiko alijua, kuutoa hakujua. Kila alipouona mkononi mwa mtu mwingine alihisi kama baba yake anazikwa mara ya pili. Basi akaukamata yeye, na hapo hapo akakimbilia motoni, na kutoka motoni akakimbilia kwenye viungo.

"Babu Msellemu, ukuni huo umeuweka upande."

"Nauweka upande huo tangu babako hajaota ndevu, bibi mdogo," alijibu Mzee Msellemu, mchochea moto, aliyeishi katika kijumba nyuma ya meko na hakuwa na pengine duniani. Lakini akautoa. Na siku zilipopita akaacha kuuweka kabisa, akawa anangoja aambiwe. Bi Mwanakheri, shangazi yake Thuwaiba na mjuzi wa viungo, naye akangoja aambiwe. Na Feruzi, mkuu wa wakorogaji na wa mwisho kubaki kati yao, kijana wa mabega mapana na maneno machache, akakunja mikono ukutani akimtazama bibi yake anavyokonda. Na macho yake yalisema mengi, lakini hakuna aliyekuwa na wasaa wa kuyasikiliza.

Ndipo waziri akaja na salamu za kasri, akasema: "Ewe binti Khelefu, Sultani anamwoza binti yake, Zuwena, Ijumaa ijayo, na amewaalika watu wote wa Marjani, tajiri na masikini, na ametaka kila mmoja ale halua siku hiyo. Ikitosha na ikapendeza, mtaona ukarimu wake. Ikiungua, au ikapungua, nyumba hii atapewa mpishi mwingine, nanyi mtatafuta pa kwenda."

Thuwaiba akamtazama Mzee Msellemu, aliyekuwa akipangusa kizingiti cha kijumba chake kwa kanga kuukuu, na moyo ukamwanguka. Akaliteremsha sufuria kubwa la shaba ambalo halijapikiwa tangu alipofariki baba yake, akaanza kulisugua mwenyewe kwa ukwaju na majivu, kwa sababu hakumwamini mtu kulisugua. Na aliposugua pete ya shaba iliyokuwa kwenye mkono wa sufuria, ukatoka moshi wenye harufu ya hiliki, na ndani ya moshi jini, mrefu hata ikambidi apinde shingo chini ya boriti.

"Labeka, ewe mwenye sufuria!" akanguruma. "Mimi ni Zughubari, niliyefungwa katika shaba hii na mfalme wa kale. Amuru, nitatenda. Usipoamuru, sitatenda."

Mwingine angezimia. Thuwaiba alilia kwa furaha, kwani amepata mtumishi asiye na maoni. Akawaita watu wake watatu, akawaambia: "Mmechoka. Nendeni mkapumzike kwa Shangazi mpaka harusi ipite."

"Mimi nikalale kwa Mwanakheri?" akamaka Mzee Msellemu. "Anakoroma!"

"Nakoroma mimi? Na wewe unayeongea na kuni usingizini?"

Feruzi hakucheka. Akasema: "Bibi, sisi tumechoka kwa kusimama, si kwa kazi. Ukituona tumekunja mikono usidhani ni uvivu. Kila tulipoikunjua, tulikuta ya kwako imekwisha tangulia."

"Nachelea isiharibike, Feruzi."

"Najua. Ndiyo maana nimekaa mpaka leo." Akauegemeza mwiko ukutani kwa upole, kana kwamba umelala, akatoka.

Basi Thuwaiba akamgeukia jini, akamwambia, "Washa moto!" na jini akauwasha pale pale aliposimama, katikati ya ukumbi, na msala wa marehemu ukaponea chupuchupu. "Mekoni!" akapiga kelele. Jini akauhamishia mekoni. "Tia samli!" Jini akamimina mtungi mzima. "Kidogo, kidogo!" Jini akainama kwa heshima kubwa, akauliza, "Kidogo ni kiasi gani, ewe bibi yangu? Mimi nilifungwa, sikufunzwa." Akiambiwa koroga, hukoroga, akisahauliwa, husimama kama nguzo. Thuwaiba hakuweza kula wala kuswali kwa utulivu, na akawa, yeye aliyepata mtumwa, mtumwa wa mtumwa wake.

Jumatano adhuhuri, akiwa hoi, alisema, "Koroga usiache," akaegemeza kichwa chake juu ya gunia la sukari, akasinzia. Alipozinduka, nyumba imejaa moshi, na jini angali anakoroga makaa kwa uaminifu mkubwa.

"Hukuona inaungua?"

"Niliona tangu ilipoanza, bibi yangu."

"Mbona hukuniamsha?"

"Hukuamuru."

Thuwaiba akakaa chini juu ya majivu, akalia kilio cha mtu aliyeishiwa maneno, na katika kulia, pasipo kukusudia, akasema, "Basi wewe, Zughubari, ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Mwiko ukamwanguka jini. Mdomo wake, mpana kama mlango wa ghala, ukatetemeka kama wa mtoto. "Bibi yangu," akasema, "nilimjengea yule mfalme kasri la nguzo za dhahabu, na katika dola yake hakuna aliyesogeza hata kiti bila amri yake. Siku moja akalala lango likiwa wazi. Askari waliliona, nami niliona. Hakuna aliyelifunga, kwa kuwa hakuna aliyeambiwa, na adui akaingia akitembea kama mgeni wa karamu. Tangu siku hiyo nimetumikia wengi, na wote waliniamuru. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza. Na kifungo changu ni cha amri, swali hakikuzoea." Ile pete ya shaba ikapasuka kwa mlio mwembamba. Jini akanyoosha shingo, akasahau boriti, akajigonga, akacheka. "Uliniuliza nini? Ningefanyaje? Ningewaita wale watatu." Akatoweka, na katika hekaya hii harudi tena, nami simlaumu: aliyeachwa huru baada ya karne nyingi za kazi bila mapumziko hageuzi shingo.

Sasa Thuwaiba hana jini, hana halua, na harusi ni keshokutwa. Akajifunga buibui akaenda kwa shangazi yake, na uani akamkuta Mzee Msellemu ameanika kuni juani, safu kwa safu, na Feruzi anapasua nyingine. Maneno "nani kakuambia uanike kuni?" yakampanda hadi kooni, akayameza, yakashuka kwa taabu kama mwiba wa samaki.

"Nimekuja kuomba," akasema. "Niliwatoa katika kazi yenu, nikawatoa katika nyumba yenu. Mniwie radhi. Na sijui pa kuanzia. Nyinyi mwaonaje?"

Wakatazamana, kwa kuwa swali hilo halijapata kutoka katika kinywa kile. Bi Mwanakheri akawahi: "Kwanza kaa ule, mwanangu. Unataka kutuongoza, na wewe upepo ukivuma tutakutafuta juu ya paa."

Alipokwisha kula, Mzee Msellemu akakohoa. "Mimi naona lile sufuria kubwa tuliache. Likishika, imeungua halua ya mji mzima. Tuteleke madogo matatu. Kila mmoja wetu awe na lake, na ajibu kwa lake."

"Baba alitumia kubwa."

"Babako alikuwa na wakorogaji tele, bibi mdogo. Sisi tuko watatu na majirani."

"Lakini mimi siwezi kuwa kwenye masufuria matatu kwa wakati mmoja!"

"Ndiyo," akasema Feruzi.

Thuwaiba akauliza kwa sauti ndogo, "Basi mimi kazi yangu nini?"

"Sukari isiishe. Aliyechoka apate wa kumpokea. Sisi tukigombana, utuamue. Na hawa wazee wawili," akawaashiria Msellemu na Bi Mwanakheri, "uwaamue zaidi. Na ukipita, sema neno jema. Marehemu alikuwa akifanya hivyo. Wewe ulikuwa ukiutazama mwiko wake, Bibi. Sisi tulikuwa tukimtazama yeye."

Basi Alhamisi, jua lilipochomoza, masufuria matatu yakatelekwa, na majirani wakaja, mke wa seremala na wanawe wa kike, mshona kofia, hata mwadhini aliyeng'ang'ania kukoroga kwa sauti. Thuwaiba akapita na maji na lozi na maneno mema, ambayo mwanzoni yalimtoka kwa shida. Moto wa Bi Mwanakheri ulipopanda ghafla, Thuwaiba alikaa chini akaikalia mikono yake yote miwili, na kabla hajafumba macho Mzee Msellemu amekwisha toa kuni mbili na kuupoza, bila kuambiwa, bila hata kumtazama mtu.

Alasiri Feruzi akachoka, na aliyekuwa karibu ni Thuwaiba. Akaushika mwiko, na mikono minne ikakoroga pamoja, tena kwa kitambo kirefu kidogo kuliko kazi ilivyohitaji, na Bi Mwanakheri akakohoa. Feruzi akajitoa. Na mke wa seremala alipokuja kumpokea Thuwaiba, watu wote wakageuka kumtazama. Vidole vyake vikakaza. Kisha vikalegea, kimoja kimoja, na mwiko ukaendelea kuzunguka bila yeye. Naye akasimama akishangaa, kwani baba yake hakuzikwa mara ya pili. Alimwona katika mabega ya Feruzi, na katika kikohozi cha Msellemu, na katika mkono wa mke wa seremala ambaye hakupata hata kumjua marehemu.

Ijumaa halua ikatosha mji mzima, na Sultani Mundhiri, aliyeshinda tangu asubuhi akiwapangia watumishi mikeka na taa mpaka sauti ikamkauka, akala, akatulia, akauliza, "Ni nani aliyepika?"

Thuwaiba akainama. "Ewe maulana, moto ni wa Msellemu, viungo ni vya Mwanakheri, mkono ni wa Feruzi pamoja na majirani."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Mimi, maulana, nilijizuia. Na ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizopata kufanya."

Sultani akacheka hata videvu vyote viwili vikacheza. Kisha akawatazama watumishi wake waliosimama wakimngoja, akaacha kucheka, akawaambia kwa upole wapange wapendavyo, akaketi karibu na binti yake. Nyumba ile akampa Thuwaiba na watu wake iwe milki yao, na mali juu yake, na hati kwamba kijumba cha Mzee Msellemu hakitaguswa na mtu.

Na Feruzi akapeleka posa, ikapokelewa kwa haraka iliyowachekesha wazee. Na siku ya harusi, kama ilivyo ada, bibi arusi alifungiwa ndani, hina mikononi na miguuni hadi viwikoni na magotini, haruhusiwi kushika kitu. Akausikia mwiko ukizunguka upande wa pili wa ukuta, na harufu ikamjia, akajua kwamba hiliki imezidi kidogo. Akafungua kinywa. Akakifunga. Alipoletewa tonge na mumewe, akala yote, akasema ni tamu. Na ilikuwa tamu.

Ndugu zangu, mkubwa si yule ambaye kazi husimama akiondoka, bali yule ambaye akilala, walio wake hulifunga lango wenyewe. Hayo ndiyo niliyoyachukua Marjani, pamoja na bakuli moja la halua ambalo, niwe mkweli, halikufika nyumbani.