Jezi Namba Moja ya Minza

Hapo zamani, si ile ya mababu bali hii ya juzi ambayo baadhi yenu mnaikumbuka, palikuwa na golikipa wa mpira wa mikono aitwaye Minza, wa timu ya wanawake ya kiwanda cha pamba. Golikipa wa mchezo huo havai glavu. Anarushiwa mpira kutoka hatua chache, naye anauzuia kwa kiganja, kwa paja, kwa tumbo, na siku ikiwa mbaya, kwa uso. Minza aliifanya kazi hiyo miaka kumi na minne, na ndiyo iliyomlisha.

Timu ile ilikuwa na desturi. Golikipa akistaafu, huvua jezi palepale uwanjani (ndani ana fulana, msicheke) na kumkabidhi mtu mmoja tu, yule aliyemfanya kuwa golikipa. Haikatwi, haigawanywi. Watu wote wakitoka katika ukumbi wa mchezo kabla hajaitoa, jezi hurudi stoo kuwa tambara la kufutia mipira gundi ambayo wachezaji hujipaka viganjani ili mpira usiwateleze. Minza alikwisha kuona ya mwenzake ikiishia hivyo, na hakutaka yake iifuate.

Basi mechi ya kuaga ikaisha. Minza akavua jezi, akaikunja, akaliendea benchi walipokaa watu watatu.

Wa kwanza alikuwa dada yake, Nyanzobe. Utotoni Minza alifumba macho kila kitu kiliporushwa. Nyanzobe akamsimamisha ukutani na kumrushia machungwa mabichi kila jioni baada ya kuosha vyombo, mwaka mzima, mpaka akaacha kufumba macho.

"Mdogo wangu," alisema Nyanzobe, "golikipa akifumba macho hana kazi. Yako niliyafumbua mimi."

Wa pili alikuwa Mwalimu Bahebe, kocha. Katika mechi yake ya kwanza Minza alifungwa mabao thelathini na nane. Wakubwa wa kiwanda wakataka arudi kwenye mashine za pamba. Bahebe akawaambia Minza akitoka, na yeye anatoka. Mechi ya pili akampanga, akafungwa thelathini na moja. Akampanga tena.

"Hata paka ana macho, Minza," alisema Bahebe. "Mimi nilikuweka golini wakati wewe mwenyewe unaniomba nikutoe."

Ni kweli aliomba, tena kwa machozi.

Wa tatu alikuwa Kabula, golikipa wa akiba kwa miaka tisa. Wengi walidhani kazi yake ni kupiga makofi. Siku ya fainali, timu ikiongoza kwa bao moja na muda umekwisha, wapinzani walipewa penalti. Kidole cha Minza kilikuwa kimevimba, kwa hiyo Bahebe akamwambia Kabula aingie. Kabula akashika kifundo cha mguu, akasema kimeteguka. Minza akabaki, akauzuia mpira kwa goti, na kwa mpira ule mmoja akaitwa timu ya taifa.

"Mguu wangu haukuwa na kitu," alisema Kabula. "Yule mpigaji wao wa penalti hupenda kurusha chini, nilijua. Ningeuzuia. Ila nilikuona unavyoling'ang'ania goli, nikakaa."

Minza hakuwa amelisikia hilo hata siku moja. Bahebe akageuka akamtazama Kabula kama anamwona kwa mara ya kwanza, akamuuliza kwa nini alimdanganya. Nyanzobe ndiye aliyeuliza kwa upole, "Ulimwachia, mwenzangu, au uliogopa?"

Kabula akafikiri. "Miaka sita najiuliza hilo hilo," akasema.

Minza akasimama pale na jezi mkononi, akiwatazama mmoja mmoja. Bila dada, angefumba macho. Bila mwalimu, angekuwa kwenye mashine za pamba. Bila Kabula, penalti ile ingekuwa ya mwingine, na timu ya taifa pengine ya mwingine. Na kama Kabula aliogopa tu, je, zawadi ya mwoga si zawadi?

Ukumbi ulikuwa umebaki na watu wachache, na mtunza stoo ameanza kuchezesha funguo. Minza akanyoosha mikono na jezi yake.

Msinitazame mimi, mimi nimehadithia tu. Jezi ni moja na benchi lina watu watatu. Nyinyi mngeiweka mapajani mwa nani? Je, nani aliistahili?