Magimbi Chini ya Boneti

Mashine hutaja panapouma, haimtaji aliyeumiza. Mmeisikia leo kwa mama yenu, mkacheka, mkaja kuniuliza ilitoka wapi. Methali hii haikutoka mbali, wajukuu zangu. Ilizaliwa hapahapa Tukuyu, kwenye gari langu, na mmoja wa wahusika yuko jikoni anawachemshia chai. Sogeeni, niseme polepole.

Enzi hizo nilikuwa bwana mifugo, napanda milima kutibu ng'ombe kwa gari langu mwenyewe, kuukuu lakini tiifu. Milimani kuna baridi. Basi kila asubuhi bibi yenu alifunga magimbi kwenye jani la mgomba, akayabana kando ya injini, saa sita niyakute ya moto. Nilikuwa nikiyala nimejificha nyuma ya gari. Bwana mifugo mzima!

Mwaka mmoja taa ya injini ikawaka. Gari likakohoa, likifika mlimani linaishiwa nguvu. Mkuu wangu akaniambia kwamba kama sina usafiri, mwezi ujao nihamie ofisini Mbeya. Bibi yenu asingeacha shamba lake, nami sikuweza kulala nisipomsikia akinigombeza. Niliogopa kweli, siwafichi.

Fundi wa kwanza alichomeka mashine yake ya kupimia chini ya usukani. Ikatoa namba, maana yake hewa imezidi mafuta. Akabadilisha sensa ya kwenye ekzosi, ile inayopima moshi, akafuta namba, taa ikazima. Nikarudi nyumbani naimba. Siku ya tatu ikawaka. Akabadilisha nyingine, ikawaka tena. Nikaanza kuulizia mnunuzi.

Bibi yenu akakataa katakata. Akanipeleka kwa Zawena, fundi mwanamke mwenye gereji karibu na soko. Zawena akapima, akasoma namba ileile, kisha akaiweka mashine pembeni.

"Hufuti?" nikauliza.

"Nikifuta sasa, baba, nimemziba mgonjwa mdomo. Mashine imetaja panapouma. Aliyeumiza tumtafute wenyewe."

Akafungua boneti, akapapasa mpira mmoja baada ya mwingine. Nyuma kabisa akakuta mpira mwembamba wa hewa umetobolewa, una alama za meno.

"Panya," akasema. "Hewa inaingilia hapa. Lakini panya anafuata nini kwenye injini? Baba, huwa unaweka kitu humu?"

"Hapana," nikajibu haraka.

Zawena akanitazama. Akapenyeza mkono chini zaidi, akatoa kipande cha jani la mgomba na ganda la gimbi.

Bibi yenu akashika mdomo. "Jamani, ni mimi! Baba Lusajo, ni mimi niliyeliua gari lako!" Machozi yakamtoka palepale.

Hapo aibu ikanishika, ya haki sasa. Kwa sababu kila nilipokwenda kwa fundi wa kwanza, nilikuwa nayatoa magimbi njiani na kupangusa makombo, nisichekwe. Angeyaona, angejua mapema.

"Usilie, mama Lusajo," nikasema. "Wewe uliyaweka. Mimi niliyaficha."

Zawena akacheka mpaka akaegemea gari. Akaweka mpira mpya, ndipo akafuta namba. Siku ya tatu nilikuwa juu mlimani, gari limepanda bila kukohoa, taa imelala. Mbeya sikuhamia. Bibi yenu akanunua hotpoti, na tangu siku hiyo nilikula magimbi yangu mbele za watu, wenye kutamani nikawamegea.

Habari ikaenea sokoni, na maneno ya Zawena yakaenea nayo. Mtoto akilia shuleni, ng'ombe akikata maziwa, watu wakawa wanaambiana hivyohivyo kabla ya kukimbilia dawa.

"Umewaambia ulisema hapana?" Huyo bibi yenu, mnamsikia? Kumbe masikio yako huku.

Nimewaambia, mama. Mashine hutaja panapouma, haimtaji aliyeumiza. Nami nashukuru haikumtaja, maana ningemwita adui, kumbe ni mtu aliyeogopa nisije nikala chakula cha baridi.