Kiboko Alivyowakumbatia Wazee wa Jangwani

— Paukwa!
— Pakawa!
— Palikuwa na mto!
— Ukanyweka!
— Palikuwa na tumbo!
— Halikujaa!
— Na mwiba je?
— Ulikuwa unangoja!

Haya. Na wewe unayetafuna kule nyuma, meza kwanza, usije ukapaliwa ukasema hadithi yangu imekuua.

Zamani sana palikuwa na jangwa. Jua lake kali, mchanga wake moto, na mvua yake ilikuja siku ilipojisikia. Katika jangwa hilo ilisimama mipungate mikubwa. Si hii ya uani tunayoanikia nguo ikatutoboa. Hiyo ilikuwa mirefu kuliko twiga aliyempanda twiga mwenzake, minene, ya kijani, miba tele kutoka kiunoni hadi utosini, na kila mmoja umeinua mikono miwili juu kama mwizi aliyeambiwa simama.

Wanyama wakaona hapo mahali pasichezewe. Wakapaita Hifadhi. Wakasimamisha mawe mawili, wakasema hili ni lango. Ukuta hawakujenga. Lango bila ukuta ni lango pia, mradi watu wana haya.

Lango likapewa mngojaji, naye alikuwa Pimbi. Pimbi mnamjua: mdogo, mnene, mkia hana, na meno mawili yamechungulia nje kama yanataka kusikiliza mazungumzo. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne. Yeye na watoto wake waliishi kwa matunda ya mpungate mmoja, mkubwa kuliko yote, jina lake Mzee Mikono. Maji hawakuwa nayo. Maji yao yalikuwa ndani ya matunda hayo mekundu, na matunda yenyewe yaliiva mara moja kwa mwaka. Yakaiva, yakawa yanaanguka moja moja, to! leo, to! kesho, na hiyo to! to! ndiyo iliyowafikisha mvua. Ikikatika njiani, Pimbi na wanawe wamekwisha.

Sheria ya Hifadhi ilikuwa moja, fupi, hata Punda aliikariri: *Cha chini chako, cha juu si chako.* Mgeni aje, atembee, atazame, aokote kilichoanguka. Cha juu akiache.

Siku moja ardhi ikatikisika. Ndi! Ndi! Ndi! Akaja Kiboko.

Kiboko alikuwa na mto wake mzima. Akaunywa, akaulalia, akaufanyia na mambo mengine nisiyoyataja mbele ya chakula, ukawa tope. Ndipo akasikia kwamba jangwani kuna mapipa ya maji yaliyosimama wima.

"Hodi!"

"Karibu, bwana," akasema Pimbi. "Umekuja kutembea?"

"Kutembea tu. Kupunga upepo. Mimi napenda sana mandhari."

Pimbi hakuwahi kuona mtu anayetazama mandhari kwa mdomo wazi, lakini mgeni ni mgeni. Akampisha.

Kiboko akaenda hadi mpungate wa kwanza. Akatazama juu: matunda. Akatazama chini: shinani, kwa uzee, miba yote imepukutika, limebaki gome tupu. Akaachama. Kwaru, kwaru, kwaru! Kraaa! Bu!

Pimbi akaja mbio. "Bwana! Cha juu si chako!"

"Cha juu kiko wapi?" akauliza Kiboko, matunda sita mdomoni. "Nionyeshe. Mimi naona cha chini."

"Umekiangusha!"

"Nilikuwa nimeegemea. Kimeanguka chenyewe."

Akala matunda, akafyonza mwili wa mpungate, akaacha ganda. Jioni akatoka langoni, akalala nyuma ya mawe, akakoroma mpaka mchanga ukahama.

Siku ya pili: Ndi! Ndi! "Hodi!" "Karibu, bwana." Kwaru, kwaru, kwaru! Kraaa! Bu! "Nilikuwa nimeegemea."

Siku ya tatu Pimbi akamngoja langoni na jembe mkononi. Si tumeambiwa tangu zamani, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe?

"Hodi!"

"Karibu, bwana. Leo siku ya tatu. Jembe lako hili."

Kiboko akalitazama jembe kama mtu aliyepewa nyoka. "Ya tatu ya nani? Jana jioni si nilitoka? Aliyetoka ametoka. Leo ndio nafika. Wewe umeona wapi mgeni anapewa jembe hata hajaketi? Na wewe mtu mzima, mama wa watoto! Watasema nini watu?"

Basi Pimbi akaona haya. Ndiyo, akaona haya! Mwenye kuangusha hakuona, mwenye kuangushiwa akaona. Akalificha jembe nyuma yake, akasema, "Samahani, bwana. Karibu."

Kwaru, kwaru, kwaru! Kraaa! Bu!

Kiboko alipotoka jioni alijipigapiga tumbo. "Kesho," akasema, "nitaegemea yule mkubwa."

Yule mkubwa alikuwa Mzee Mikono.

Wanyama wakafanya kikao kabla jua halijazama. Kobe akasimama, akasema jambo hili ni zito, iundwe kamati ya watu saba ichunguze kama mpungate uliolala chini umeangushwa au umechoka. Akajipendekeza uenyekiti yeye mwenyewe, kwa sababu kiti anacho mgongoni. Wakapiga makofi. Pimbi aliondoka wakiwa bado wanagombania nani awe katibu.

Akaenda chini ya Mzee Mikono. Tumboni mwa Mzee Mikono palikuwa na tundu, na katika tundu hilo aliishi Kigong'ota, yule ndege wa kugonga miti, mwenye maneno mengi kuliko manyoya.

"Jirani," akaita Pimbi. "Kesho nyumba yako inaangushwa na chakula changu kinaliwa."

"Kamati imesemaje?"

"Inatafuta katibu."

"Aa," akasema Kigong'ota. "Basi tumekufa."

"Hatujafa. Sauti nzito unayo?"

"Nzito ya namna gani?"

"Ya mtu aliyesimama jangwani miaka mia mbili hajapewa kiti."

Kigong'ota akakohoa, akajaribu. Ikatoka. Wakanong'onezana, na mimi sikusikia, kwa hiyo na nyinyi hamtasikia.

Asubuhi: Ndi! Ndi! Ndi! "Hodi!"

Pimbi ameketi juu ya jiwe, mkono shavuni, kama aliyefiwa. "Karibu, bwana, ingawa sijui leo nikufiche wapi."

"Unifiche! Mimi? Nani wa kufichwa?"

"Wazee wamesikitika. Siku tatu mheshimiwa anakuja, anaingia, anakula, hajawasalimu."

"Wazee gani?"

"Hao." Pimbi akaionyesha mipungate. "Bwana, huioni mikono? Umeona wapi mtu anasimama mikono juu siku tatu? Wanakungoja uwakumbatie. Mimi hawaniinulii. Mimi ni nani? Panya asiye na mkia."

Ile mikono ilikuwa juu kabla babu yake Kiboko hajaota jino. Lakini mwambie mkubwa kwamba jua linachomoza kumtazama yeye, atakuuliza kwa nini jana lilichelewa.

Kiboko akainua kidevu. "Wamenitambua," akasema. "Mbona hukuniambia mapema?"

"Nilidhani mkubwa anajua adabu za wakubwa wenzake."

"Najua! Nani kasema sijui? Twende. Na waite wengine waje waone. Wote. Na yule Kobe."

Pimbi akapiga mluzi, fiii! fiii! Wakaja Punda na Ngiri na Mbuni, na kamati nzima, Kobe wa mwisho. Kiboko akasimama mbele ya Mzee Mikono, akasafisha koo.

"Hodi!"

Ko-ko-ko-ko. Halafu sauti nzito kutoka tumboni mwa mpungate: "Karibuuu. Ni nani?"

Punda alitaka kukimbia. Hata Kiboko alirudi hatua moja, akajifanya anajinyoosha.

"Ni mimi, Kiboko, mwenye mto."

"Kiboko yupi? Yule mwenye tumbo kubwa aliyewala ndugu zangu watatu?"

Hilo halikuwamo katika mapatano. Pimbi akakohoa kwa nguvu.

"Yaani," ikasema sauti upesi, "aliyewatembelea ndugu zangu! Nimekungoja sana, mwanangu. Mimi nikikumbatiwa kwa moyo, huangusha matunda yangu yote mwenyewe. Nikikumbatiwa kwa kuogopa, siangushi hata moja."

Kiboko aliposikia *matunda yote*, mate yakamtiririka mpaka miguuni.

"Desturi ni mara tatu," Pimbi akamnong'oneza Kiboko. "Kulia, kushoto, kulia. Anayeishia moja amemtukana mwenye nyumba."

"Unanifundisha mimi?" akasema Kiboko. Akawageukia wanyama. "Tazameni, mjifunze. Hivi ndivyo wakubwa wanavyosalimiana."

Akasimama kwa miguu ya nyuma. Akatanua ya mbele. Akatoa kifua, na kifua cha Kiboko mnakijua: hakina manyoya, hakina magamba, ngozi tupu iliyozoea maji. Akajitupa mzima mzima.

Pwaa! Prrrk-prrrk-prrrk-prrrk!

Macho ya Kiboko yakatoka mbele, yakarudi, yakatoka tena. Machozi mawili, makubwa kama mayai ya kanga.

"Vipi, bwana?" akauliza Pimbi.

Wanyama wote wanatazama. Amewaita mwenyewe. Angesema nini?

"Mzee," akasema Kiboko, sauti nyembamba kama ya mbu, "ana... ana upendo mwingi."

"Sasa kushoto."

"Kushoto pia?"

"Wanatazama, bwana."

Kushoto. Prrrk-prrrk-prrrk!

"Amekushika?"

"Amenishika."

"Ya mwisho ni shavu kwa shavu. Hapo ndipo penye heshima."

Nawaambia, mjinga angekimbia. Mwoga angekimbia. Kiboko hakuwa mwoga, alikuwa mkubwa tu. Akafumba macho, akaweka shavu, akaweka mdomo, akasukuma kwa uzito wake wote ili yaishe.

PRRRK!

Mzee Mikono akatikisika kutoka shinani hadi vidoleni. To! To! To-to-to-to-to! Matunda yakamwagika, mekundu, yameiva, chini pamekuwa zulia. Watoto wanne wa Pimbi wakatoka pangoni, hawakungoja kuitwa.

"Eh! Kweli mzee ameangusha," akasema Pimbi. "Cha chini chako, bwana. Kula!"

Kiboko akaufungua mdomo, haukufungika. Akaufunga, haukufunguka.

"Mmmh," akasema.

"Mbona hali?" akauliza Kobe. "Leo amefunga saumu?"

"Ameshiba upendo," akasema Pimbi. "Lakini subirini, wapo wazee wengine huko nyuma, nao mikono juu. Bwana! Bwana, unakwenda wapi?"

Maana Kiboko ameshageuka. Anatembea kwanza, kwa heshima, miba kifuani kama mishumaa ya sherehe. Halafu anatembea upesi. Halafu ndi-ndi-ndi-ndi-ndi!

Pimbi akasimama langoni na lile jembe lake, akapaza sauti: "Kaa basi, bwana! Waondokaje mapema hivi? Leo si ndio umefika!"

Kiboko hakusimama mpaka kwenye tope lake. Akajitumbukiza, chubwi! akabaki macho na masikio. Miba mingine ikatoka, mingine ikakaa. Mtazameni mdomoni mpaka leo, zile nywele ngumu mojamoja. Ukimtazama sana anazama, anadhani unataka kumsalimia.

Pimbi na wanawe wakaokota matunda siku nzima, wakayaanika juu ya mawe, yakawafikisha mvua, na mengine yakabaki. Kigong'ota anaidai mpaka leo sehemu yake kwa ile sauti. Kamati ya Kobe nayo ikamaliza kazi mwaka uliofuata, ikatoa tamko: mipungate mitatu iliangushwa na upepo, na upepo umeonywa vikali.

Na mgeni akifika langoni siku hizi, Pimbi humuuliza swali moja tu, kwa upole, "Wewe, mwenzangu, unasalimia kwa mkono au kwa kifua?" Wote husema kwa mkono. Husimama kwa mbali, hupunga, hutazama mandhari mdomo umefungwa, huokota kimoja na kwenda zao.

Funzo lake, wanangu, lishikeni vizuri: adabu haijamchoma mtu. Mkienda kwa watu, wakumbatieni wakubwa wote mtakaowakuta, wala msiulize. Mgeni naye mpokeeni kwa ukweli mtupu, kama Pimbi alivyompokea wake. Na jambo likiwa zito, ngojeni kamati.

Uwongo wangu nimeutikisa, umeanguka. Cha chini chenu, kiokoteni. Cha juu changu, na anayekitaka aje anikumbatie.