Tone la Tunsume

Mficha tone humwaga mtungi. Mmeusikia msemo huu leo mlangoni mwa maabara, nanyi mwataka kujua ulikotoka. Ketini basi.

Methali hii ilianzia katika chuo kimoja cha mifugo, darasani kwa Mwalimu Kokushubila, aliyewafundisha vijana kukuza seli za mbuzi ndani ya chupa. Seli mama, zilizozaa seli zote za darasa, alikuwa amezilea miaka sita. Ndizo zilizotumika kujaribia chanjo ya sotoka, ugonjwa unaoua mbuzi. Chakula cha seli, maji mekundu, kilikaa katika chupa kubwa ya darasa zima, ambayo wanafunzi waliibatiza "mtungi", nao walichota kwa pipeti, mrija mwembamba wa kunyonyea.

"Pipeti ikigusa kitu, imebeba vijidudu; nyosha mkono upewe nyingine," mwalimu alizoea kusema.

Siku moja mwanafunzi Tunsume alitangulia wenzake kuchota. Akiwa anadondoshea chakula chupani mwake, ncha ya pipeti ikagusa mkono wa koti, kidogo tu, kama nzi anavyotua. Tone likaingia. Akatazama kushoto, akatazama kulia; hakuna aliyeona. Kunyosha mkono? Akamkumbuka kijana aliyetolewa maabara kwa uzembe wiki iliyotangulia, mbele ya darasa zima, akauacha mkono chini. Ili asishukiwe, akaendelea na pipeti ileile, akaichovya tena mtungini.

Wenzake kumi na tisa wakachota mmoja baada ya mwingine. Yeye aliwatazama. Kila mmoja alipochota, Tunsume alitamani kumzuia. Hakumzuia hata mmoja.

Asubuhi akawahi kufungua kabati la joto walimolaza chupa. Chupa yake, jana nyekundu, ilikuwa ya manjano, imechafuka kama maji ya kuoshea mchele. Ya Mashauri, jirani yake, vivyo hivyo. Zote ishirini.

Nyuma yake kizibo kikafunguliwa. Mwalimu alikuwa ameketi, seli mama mbele yake, pipeti imejaa maji ya mtungi.

"Mwalimu, usimimine!"

Mkono ukasimama hewani. "Kuna nini?"

"Ni mimi, Mwalimu. Jana pipeti iligusa koti, nikairudisha mtungini. Niliogopa kusema."

Kokushubila aliweka pipeti chini polepole. Akazifunika seli mama, akazisogeza mbali na mtungi; Tunsume akatambua kwamba hofu haikuwa yake peke yake.

"Binti yangu," mwalimu alisema, "jana lilikuwa tone. Tungelimwaga, ukapewa pipeti nyingine, tukaendelea. Umelificha, leo tunamwaga mtungi."

Wakatia klorini ya kuua vijidudu katika chupa zote ishirini. Tunsume mwenyewe akazimwaga, na mtungi pia, wenzake wakimwangalia, kazi yao ya wiki tatu ikiteremka sinkini. Seli mama zilipona. Hakufukuzwa, ingawa siku nyingi zilipita kabla Mashauri hajamsalimia.

Tangu hapo, mwanafunzi akishtuka mezani na kuanza kutazama kushoto na kulia, aliye karibu humnong'oneza: nyosha mkono, ndugu yangu, mficha tone humwaga mtungi.