Amechoka Kukaa na Mabubu

Mama mmoja alikuwa barazani anachambua maharage, sinia mapajani, anatoa mawe na yale yaliyotobolewa na wadudu. Simu ikaita. Alikuwa wifi yake, dada wa mume.

"Wifi, mmemfanya nini mama yangu?"

"Tumemfanya nini? Yuko ndani amepumzika. Asubuhi amekunywa uji bakuli zima."

"Sikuulizi habari za uji. Jana alimwomba jirani yenu anipigie simu. Anataka tuje kumchukua Jumapili, akae kwangu. Anasema amechoka kukaa na mabubu."

Yule mama akashusha sinia chini. Mabubu! Nyumba ile ilikuwa na kelele kushinda sokoni. Kulikuwa na mume wake, fundi redio. Kulikuwa na watoto wawili, Tusekile aliyekuwa sekondari na mdogo wake Ambele, na majina yao nawatajia kwa sababu tutayahitaji mwishoni. Asiyesikia alikuwa Bibi peke yake, mama mzaa mume. Masikio yake yalianza kuziba kidogo kidogo, mpaka ikawa ukitaka kumwita unapiga kelele anaitika jirani. Alishapewa kifaa cha kuweka sikioni, kikampigia miluzi, akakitia ndani ya kikombe na kukifunika na kisahani. Sasa yeye asiyesikia ndiye anawaita wenzake mabubu.

Ninyi mngefanya nini? Yeye alicheka. Lakini hakufika mwisho wa kile kicheko. Alijiuliza mara ya mwisho alizungumza na Bibi lini. Sisemi "Mama, karibu chakula," wala "Mama, dawa hizi hapa." Nasema kuzungumza. Alifikiri mpaka maharage yakaingiliwa na kuku, na hakukumbuka.

Jioni alimwambia mumewe. Mume akasema, "Mimi ndiye mtoto wake wa kiume peke yangu. Mama akitoka kwangu kwa maneno hayo, nitamtazama nani usoni?"

Akainuka akaenda stoo.

Kila fundi redio ana redio za watu waliosema "nitapita kuichukua" na hawakupita. Huyu alikuwa na rundo. Zile za zamani kabisa ndani zina taa. Mafundi wanaziita taa, lakini kazi yake si kumulika. Ni vichupa vya kioo vyenye miguu ya waya. Sauti inaingia humo ikiwa ndogo, inatoka ikiwa kubwa. Fundi akatoa vichupa vile kimoja kimoja, akavipanga juu ya gunia. Akaunda amplifaya ndani ya boksi la mbao lililokuwa la sabuni, akaweka soketi ya kuchomeka taa, akaunganisha na redio upande mmoja, na upande wa pili hedifoni za kumvalisha mama yake.

Wapendwa, mimi si mtu wa kusifia wanaume ovyo, mnanijua. Lakini ile kazi ilikuwa ya kutazama. Taa moja anaichomeka, anawasha, anangoja ipate moto, kwa sababu taa hizi zikiwa baridi hazisemi kitu. Anamvalisha mama yake hedifoni. Anakaa mbele yake kwenye kigoda, anamtazama uso. Bibi akikunja uso, anazima, anangoja kioo kipoe, anakitoa kwa kitambaa, anaweka kingine. Kitambaa chenyewe ni cha jikoni kwa mke wake, na mke alikiona kikiungua akanyamaza. Hiyo nayo iwekwe kwenye hesabu.

Bibi hakuwa msikilizaji mwepesi. Ujana wake wote aliimba kwaya, sauti ya pili.

"Hii inachemka kama sufuria," alisema kwa taa ya kwanza. Alisema kwa nguvu, kama wasemavyo watu wasiojisikia.

Ya pili: "Huyu mtangazaji ana mafua."

Ya tatu iliwaka vizuri kuliko zote, nyekundu ya chungwa, mpaka watoto wakaita wenzao waje kuona. Tusekile akasema, "Baba, acha hiyohiyo! Ona inavyong'aa!"

Bibi akavua hedifoni. "Inang'aa sana," akasema. "Na haisemi."

Fundi hakukasirika hata mara moja. Aligundua taa zinatetemeka mtu akipita sebuleni, akakata pete za mpira kwenye tyubu ya baiskeli, akazivisha taa hizo shingoni. Akasugua miguu ya taa kwa msasa laini. Akabadilisha waya. Hedifoni zilikuwa zinambana Bibi masikio, basi mke akatoa mikono ya sweta kuukuu la Ambele, akashona vifuniko laini. Kwa muda wote huo Bibi alikuwa anakunja kanga zake, moja leo na nyingine kesho, na kuziweka ndani ya mkoba.

Jumamosi ilibaki taa moja juu ya gunia. Fupi, na kichwani ina rangi ya kioo cha kujitazamia iliyoshuka mpaka katikati. Kila mtu alikuwa anairuka. Fundi akaichomeka. Ilipopata moto haikuonyesha kitu. Ile rangi iliufunika mwanga wote. Ungeapa imekufa.

Bibi hakukunja uso. Halafu kidole chake kikaanza kugonga mkono wa kiti. Halafu akaimba, sauti ya pili, pamoja na kwaya iliyokuwa redioni, na hakukosea hata neno. Watoto wakapiga makofi. Fundi akageukia ukuta, akajifanya anatafuta bisibisi.

Mngedhani mfano umeishia hapo, sivyo? Mtu hodari amehangaika, mama yake anasikia, tuseme amina twende nyumbani?

Bibi alivua hedifoni akamshika mwanawe kichwani. "Ahsante, baba. Redio sasa inasema," alisema. "Mmebaki ninyi."

Akaenda kukunja kanga ya mwisho.

Fundi akakaa chini palepale alipokuwa. Mke wake ndiye aliyesema, "Mbona kwaya yenu ya kanisani ina maiki ile ya zamani isiyotumika? Si inaweza kuingia hapo penye redio?"

"Inaweza," mume akasema. Akamtazama mke wake kama vile hakuwa amemwona siku nyingi. "Inaweza kabisa."

Jumapili, jua likielekea kuzama, chakula kilikuwa karibu tayari. Mkoba wa Bibi ulikuwa mlangoni. Mwenyewe amekaa kwenye kiti chake cha pembeni, hedifoni masikioni. Fundi alikuwa ameunganisha maiki na kuilaza mezani katikati ya mabakuli. Akawasha amplifaya, akasema wangoje ipate moto, akatoka na Ambele kwenda kuwapokea dada yake na shemeji barabarani. Ndani wakabaki mama na Tusekile, wanapanga sahani.

"Imewaka?" mama akauliza.

Tusekile akainama akachungulia ndani ya boksi. "Bado, mama. Ni giza tu humu."

Wakamtazama Bibi. Bibi alikuwa anatazama mlango. Mama akaendelea na kazi.

"Shangazi yako akiingia, mbaya wa nyumba hii nitakuwa mimi," alisema. "Utaona."

"Lakini mama, si wewe unayesema Bibi anakuchosha?"

"Ananichosha. Nikuambie uongo? Bibi yako ulimi wake ni msasa. Tangu nimeolewa hajala chakula changu bila kusema habari za chumvi." Akafuta sahani ambayo tayari ilikuwa safi. "Ila nikuambie na jingine. Nilipomzaa Ambele niliumwa, sikuweza hata kukaa. Bibi yako alinilisha uji kwa kijiko. Nepi zote alifua yeye. Na wageni walipokuja kutazama mtoto, wakiona nepi kwenye kamba, aliwaambia ni mimi nimefua, wasiseme mkwe wake mvivu. Mama yangu mzazi hakunifanyia hayo. Akiondoka leo, kesho asubuhi sijui nitaanzia wapi."

"Umeshamwambia?"

"Nimwambieje, naye hasikii?"

"Na zamani, alipokuwa anasikia?"

Mama yule akaweka sahani chini, akachukua kijiko. Alisimama na kijiko mkononi.

Ndipo sauti ikatoka pembeni, kubwa, kama ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto.

"La ulimi nilikuwa nalijua," Bibi akasema. "Hilo la pili ndiyo nalisikia leo."

Kijiko kilianguka. Bibi akaziba masikio kwa mikono miwili juu ya hedifoni. "Na vyombo nasikia pia! Msivitupe!"

Mmeelewa, ndugu zangu? Taa ilikuwa inafanya kazi tangu mwanzo. Wao walisahau ya Jumamosi, wakatafuta mwanga, wasipouona wakasema imekufa, na kwa kudhani imekufa ndipo ukweli ukatoka mdomoni. Na ule ukweli haukuwa matusi. Ulikuwa shukrani! Wengi wetu tukisikilizwa kwa siri tunaogopa yatasikika mabaya tuliyosema. Mimi nawaambia, mabaya yanafika yenyewe, hayahitaji amplifaya. Bibi alikuwa hasikii ngurumo ya mvua juu ya bati, lakini kwamba mkwe anamwona mkali alikuwa anajua. Lililokuwa halijamfikia ni lile jema, na halikufika kwa sababu hakuna aliyelituma.

Tusisingizie masikio. Msikie swali la yule binti: na zamani, alipokuwa anasikia?

Sisi hapa nyumba zetu zinang'aa. Wazee wetu tunawavisha, tunawalisha, dawa tunawapa kwa saa yake. Mgeni akiingia anasema hapa pana upendo. Ni kweli upo. Lakini inawezekana tukawa ile taa ya tatu, watoto wanaita wenzao waje kuona, na aliyevaa hedifoni anasema haisemi. Maneno mazuri tumeyafungia kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Tunayatoa lini? Kwenye msiba. Siku hiyo tunakodi spika kubwa, tunasimama, tunasema mama alikuwa hivi, mama alinifanyia vile, watu wanalia mpaka barabarani. Na mwenyewe yuko wapi? Yuko palepale mbele yetu ndani ya sanduku, na hapo hakuna fundi wa kubadilisha taa.

Mimi sisemi tuwe watu wa maneno matamu. Mimi mwenyewe siyawezi, nachoka, narudi nyumbani miguu inawaka moto. Yule mama hakusema maneno matamu. Alisema habari za nepi. Kila mmoja wetu ana nepi zake alizofuliwa na mtu. Kama mtu huyo yu hai, yuko umbali gani na wewe saa hii? Chumba cha pili? Benchi la nyuma? Usingoje upate sauti nzuri. Tumfanyie kama yule fundi: jaribu moja, likikataa zima, ngoja lipoe, jaribu jingine, ukimtazama uso.

Na mnataka kujua kama Bibi aliondoka, najua. Hamtaweza kulala nisiposema.

Wifi na shemeji waliingia, wakakuta mkoba mlangoni, mama mwenye nyumba anafuta macho kwa upindo wa kanga, na Bibi amehamisha kiti chake kutoka pembeni mpaka mezani, waya wa hedifoni unaning'inia juu ya maharage.

"Mama, tumekuja kukuchukua," wifi akapaza sauti.

"Usinipigie kelele, mimi si kiziwi," Bibi akasema. "Kaa ule. Huo mkoba urudishe chumbani, una kanga zangu."

Fundi akapitisha maiki, kila mtu akaambiwa aseme neno ajulikane kama yupo. Ambele aliimba, akanyang'anywa. Tusekile akasema shikamoo. Bibi akawa anahesabu kwa kidole. "Mwanangu yupo. Binti yangu na mume wake wapo. Tusekile, Ambele, wapo." Kidole kikafika kwa yule mama, kikasimama hapo kidogo. "Mkwe wangu yupo. Na mimi nipo. Tumetimia. Pakueni."

Wakapakua. Bibi akaonja kijiko kimoja cha maharage, akatafuna polepole, akakunja uso.

"Chumvi imezidi."

Yule mama akavuta maiki mdomoni. "Nimekusikia, Mama," akasema.