Sahani za Kioo kwa Wageni

Wapendwa, hebu tumwazie karani mmoja wa masjala, mtu ambaye hata orodha ya vitu vya sokoni aliiandika kwa nakala mbili. Mke wake alifariki, akamwachia watoto watatu. Baadaye akamwoa mama mjane mwenye mabinti wawili, na Desemba hiyo wote saba wakawa chini ya bati moja.

Karani huyu alikuwa na Krismasi moja tu kichwani, ile ya utotoni kwake. Mama yake alimimina pilau kwenye sinia, likawekwa mkekani, na watoto wakalishambulia kwa mikono, viwiko vikigongana, wakigombania ukoko. Kabatini, chini ya kufuli, zilikaa sahani za kioo zenye maua. Hizo zilikuwa za wageni: mwalimu mkuu, mchungaji, shangazi wa mjini. Nani kati yetu hakuwahi kuzitamani sahani za namna hiyo?

Basi karani akaandaa Mwongozo wa Sikukuu, akaubandika ukutani jikoni. Kifungu cha tatu: watoto wake watatu watakula mkekani. Kifungu cha nne: mabinti wawili wa mama watakula mezani, kwa sahani za kioo, na mapaja ya kuku yataanzia kwao. Aligonga na mhuri. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Alikuwa akiwapa kile alichokililia yeye alipokuwa mdogo. Mngemlaumu?

Siku ikafika. Mkekani kelele tupu.

"Toa kiwiko kwenye mpaka wangu!"

"Mpaka uliupima lini, wewe?"

Mezani kimya. Mdogo wa wale mabinti, wa miaka tisa, alilitazama paja la kuku mpaka likapoa.

"Mwanangu, mbona huli?" karani akauliza. "Chumvi imezidi?"

"Chumvi iko sawa, anko."

"Sasa nini?"

"Anko, sisi tunaondoka lini?"

"Mnaondoka kwenda wapi tena? Nani kawaambia?"

"Si tumewekewa sahani za wageni? Wageni huwa wanaondoka."

Karani akainuka. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akavunja kifungu alichokigongea mhuri. Akazichukua zile sahani mbili, akazigeuza juu ya sinia, wali na kuku vikaporomoka.

"Jibaneni," akawaambia wa mkekani.

"Baba, hatuenei!"

"Ndiyo maana nikasema jibaneni."

Akavua viatu, akakaa na yeye, mke wake akimcheka jinsi magoti yalivyolia. Hazikupita dakika mbili, yule binti akaiba ukoko wa mwenzake, akapigwa kofi la mkononi. Akacheka mpaka wali ukamtoka puani. Mgeni hapigwi kofi la mkononi, ndugu zangu. Na tangu mwaka ule, ndivyo Krismasi inavyoliwa nyumba ile: mkekani wote, hata mchungaji akija.

Sasa tuje kwetu sisi. Kila Jumapili tunasema, "Wageni wetu wasimame." Wanasimama, tunawapigia makofi matatu, wanaketi. Tunajiona wakarimu. Lakini humu ndani wamo watu wanaosimama kwa makofi hayo hayo Krismasi ya nne sasa, kwa sababu barua ya utambulisho kutoka usharika walikotoka haijafika. Faili zetu zimenyooka, hilo silikatai. Hata Krismasi ya kwanza kabisa ilianza na tangazo la serikali: watu wakaandikishwe. Kuandikishwa, waliandikishwa. Pa kulala ndipo palipokosekana.

Je, tumewahi kuwauliza wanafikiri wanaondoka lini?

Katibu, leo tangazo la wageni nakuomba uliruke. Na ninyi wa benchi la mbele, mliokaa watatu pa watu sita: sogeeni. Mama yule pale nyuma, njoo. Hapana, usisimame tupige makofi. Njoo ukae.